Afadhali Mchumba Kuliko Kunguni

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka na vipele. Mkono wa kushoto, vimejipanga mstari mmoja kama mshono wa cherehani. Nikasema mbu. Nikajua naongopa. Mbu hashoni.

Nikavuta shuka. Nikapindua godoro. Pale kwenye pindo, mahali mkono wangu mwenyewe ulipopitisha sindano, amekaa kunguni. Mnene! Hata hakukimbia. Mtu ameshiba, akimbilie wapi? Nikamminya kwa ukucha. Harufu ile! Sijaisikia tangu usichana wangu, lakini pua haisahau.

Kunguni! Kwangu mimi! Mimi ninayeshona mito na magodoro ya sufi mtaa mzima! Nusu ya watoto wa mtaa huu mimba zao zilitungwa juu ya magodoro yangu, na hakuna aliyewahi kulalamika. Habari hii ikitoka, nani ataniletea tena hata mto wa kiti?

Lakini biashara si kitu. Kitu ni Jumamosi. Jumamosi binti yangu wa mwisho anamleta mume wangu. Mume wangu ana mwezi mmoja na nusu, hana jino, na akipiga miayo uso wote unakuwa mdomo. Mjukuu wangu wa kwanza wa kiume. Baba yake ni dereva wa malori ya mbali, kwa hiyo tangu azaliwe yuko na mama yake kwa bibi wa upande ule. Tumekubaliana kuanzia Jumamosi waje kwangu, wakae mpaka dereva arudi. Tumekubaliana wote isipokuwa huyo bibi.

Huyo bibi namwita Mama Deki. Anadeki asubuhi, anadeki jioni, ukiinua mguu anadeki ulipokuwa mguu. Sakafu yake unaweza kuilamba. Anatafuta sababu ya kutomtoa mtoto. Anaitafuta kama mtu aliyedondosha sindano. Na mimi sasa ninayo, hai, inatembea.

Hatajua. Hakuna atakayejua. Naandika hapa tu. Shule niliiona kwa nje, nikipita. Herufi alinifundisha marehemu baba watoto ili niandike majina ya wateja kwenye mito. Basi leo mteja ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Vita. Nimechemsha masufuria ya maji nikamwagia kitanda. Chaga zote, tundu zote za misumari. Wamekufa wengi. Nilifurahi mpaka nikaimba. Kisha kitanda kikakauka, ubao mmoja ukajipinda, na sasa nikikaa upande huu, upande ule unainuka kunisalimia.

Waliobaki nikawapaka mafuta ya taa. Kosa! Chumba kizima kikanuka kama kituo cha kuuzia mafuta. Sikuthubutu kuwasha jiko. Nimekula mkate mkavu siku nzima.

Mama mmoja anayeoza bintiye kaja kuagiza mito ya harusi. Akanusa. Akauliza kuna nini kinavuja. Nikamwambia nasafisha jiko. Akaniuliza kwa nini nasafisha jiko chumbani. Nikamwambia kila mtu na jiko lake. Wakati huohuo mgongo ukaanza kuniwasha. Mwasho wa kuzimu! Nikajisugua kwenye fremu ya mlango polepole, natabasamu, kama ng'ombe aliyesikia habari njema. Akasema atarudi kesho.

Jioni muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara kaja kupiga soga, akauona mkono wangu. Tunamwita Redio kwa sababu hajawahi kuzimwa. Akavitazama vipele vyangu. Nikasema mbu. Akasema mbu wa siku hizi wana adabu, wanapanga foleni.

Mjinga huyu ana macho.

Jumatano, 5 Machi

Jua kali. Jua ni dawa ya bure. Lakini godoro utalitoaje nje bila kuulizwa? Nikafikiri. Nikalifunga kwa shuka, nikalikunja, nikalifunga kamba, nikalivuta uani kama mzigo wa nguo. Lilipofika katikati ya ua kamba ikakatika. Likafunguka lote mbele ya Redio.

Akasimama na kipimo chake cha mkaa mkononi. Akanitazama mimi. Akatazama godoro. Akaja karibu na sauti ya huruma, yaani akapunguza kidogo tu, na kuniambia nisione haya, umri ni umri, hata mama yake mzazi ilifika mahali akawa halali mpaka wamtandikie mpira.

Alidhani nimekojoa kitandani!

Nikafungua mdomo nimtukane. Nikaona kunguni mmoja anatembea juu ya godoro, mchana kweupe, bila aibu wala haraka. Nikamkalia. Nikainamisha kichwa. Nikamwambia Redio, ndiyo, mwanangu, umri ni umri.

Afadhali kikojozi kuliko kunguni. Kikojozi anahurumiwa.

Saa sita mchana mtaa wote ulikuwa unanihurumia. Fundi seremala kaniambia nipunguze chai ya jioni. Mtu niliyemfungia kitovu alipozaliwa! Saa tisa Mama Deki akapiga simu. Kwa upole. Mama Deki akiwa mpole, shika mkoba wako. Akasema amesikia nina tatizo dogo, mkwe wangu, na yeye anaona mtoto akae tu kwake, maana mahali penye unyevunyevu mtoto anapata kifua. Nikamwambia unyevunyevu ni wake yeye anayedeki mpaka ukuta. Nikakata simu.

Godoro nimeligeuzageuza juani mpaka magharibi. Nimelala. Wameniamsha wao.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani ni hekima. Kumbe wahenga walikuwa wanajikuna.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekubali. Aitwe mpuliza dawa.

Lakini mpuliza dawa wa hapa anavaa koti la njano, na mgongoni limeandikwa KUNGUNI MENDE PANYA, herufi ambazo hata mimi nazisoma kutoka mbali. Akiingia kwangu na koti lile ni bora nipande juu ya paa nitangaze mwenyewe.

Nikamfuata nyumbani kwake. Mzee wa makamo, mjane, mpole, anakohoa kidogo kwa sababu ya kazi. Nikampa masharti. Asivae koti. Avae shati safi na viatu vya ngozi. Bomba la dawa alifunge kwa shuka yangu ya maua. Akibishiwa hodi na mtu, asijibu. Akaniuliza kama nimemuua mtu. Nikamwambia bado.

Kaja saa nne. Lo! Kapendeza! Kanyoa ndevu. Kachana nywele. Kabeba furushi la shuka ya maua kifuani, kwa mikono miwili, kama zawadi. Nikamvuta ndani. Nikafunga mlango. Nikafunga madirisha, maana alisema dawa inataka chumba kilichofungwa. Nikataka kutoka, lakini Redio alikuwa mlangoni pake, macho kama taa za lori. Basi nikabaki ndani, kitambaa puani, namshikia mzee taa aone nyufa. Tumesogeza kitanda. Tumekipindua. Kitanda kililia, kwa sababu ya ule ubao. Mzee alikohoa. Mimi nilikohoa. Nikamwambia kwa sauti, hapo, hapo, usiache! Nilimaanisha kona ya ukuta.

Tulipotoka tulikuwa tumelowa jasho, macho mekundu, kilemba changu kimekaa upande. Ua mzima umejaa majirani ambao hawakuwa na kazi.

Redio akapiga kigelegele.

Nikaelewa. Mzee wa watu akataka kueleza, kafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Nikatengeneza kilemba changu. Nikasema kwa sauti ya kike, karibu tena.

Afadhali mchumba kuliko kunguni! Tena mara mia! Fundi seremala kaja mwenyewe kunitengenezea ule ubao, hakutaka malipo. Amesema mambo mema yasiharibike kwa kukosa msumari.

Mzee kaniambia kwa siri kabla ya kuondoka kwamba mayai hayafi kwa dawa hii, atarudi baada ya wiki mbili, na mtoto mchanga asiletwe humu kabla ya hapo. Nikamwambia wiki mbili sina. Nikalala sebuleni juu ya magunia ya sufi. Sikuumwa hata na mmoja! Jumamosi nitamlaza mume wangu hapa, kwenye sufi safi, kama yai.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Naiandika yote.

Asubuhi binti yangu alipiga simu. Alianza kwa kucheka. Mama, una mchumba na hukuniambia? Kisha akaacha kucheka. Akasema mkwe wake amekataa kabisa. Amesema mtoto wa mwanawe hatalala nyumba moja na mwanaume asiyejulikana ukoo. Na dereva kwa simu amemuunga mkono mama yake. Nilikuwa na sababu moja ya kuficha. Nikaificha kwa uongo, uongo ukawa sababu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza!

Nikavaa viatu. Nikaenda kumpigania mume wangu.

Nimefika nimemkuta binti yangu amekaa pembeni ya kitanda, analia. Si kilio cha kugombana. Kilio cha chini. Titi limejaa mpaka limelowesha blauzi, na mtoto yuko mikononi mwa Mama Deki, ananyonya chupa.

Nikauliza kulikoni. Mama Deki akasema mtoto ameota vipele. Amesema ni maziwa ya mama. Maziwa mengine ni mazito, yanamchoma mtoto damu, ameona mara nyingi. Tangu jana wamemwachisha, na kama vipele havitaisha watamwachisha moja kwa moja. Binti yangu akaniambia, Mama, namdhuru mwanangu mwenyewe.

Nikasema nimwone. Nikamfunua.

Shavuni, na mkononi, kile kimkono kama kidole changu. Vipele vimejipanga mstari. Mshono wa cherehani.

Nilikaa. Kwa sababu wiki iliyopita nilimshonea kigodoro. Sufi niliyoichambua kwa vidole, punje kwa punje, kitambaa cheupe, ukingo wa buluu. Nilikituma hapa kwa mkono wa binti yangu mwenyewe, kabla sijajua kilichokuwa kwenye pindo la godoro langu. Nimemtumia mume wangu kunguni! Wamefungwa kwa utepe!

Naomba anayesoma haya anielewe. Nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria kuiba kile kigodoro nitoke nacho chini ya nguo. Nilikuwa nimeshaanza kukitafuta kwa macho. Kisha binti yangu akabana titi lake kwa kiganja kuzuia maziwa, akauma mdomo.

Basi nikasema. Nikamwambia mwanangu, maziwa yako hayana neno, mpe mtoto ziwa sasa hivi. Ni kunguni. Wametoka kwangu. Mimi si kikojozi na sina mchumba, yule mzee ni mpuliza dawa, nina kunguni kitanda kizima, nimewaficha wiki nzima kwa sababu nilitaka mje. Nikakunja mkono wa blauzi nikaonyesha. Nikasema wako kwenye kigodoro nilichomshonea, kileteni nikichome moto kwa mkono wangu.

Binti yangu alinitazama, akamchukua mtoto, akampa ziwa. Mtoto alinyonya kwa kelele kama mkulima. Sijasikia muziki mzuri kuliko ule.

Nilingoja Mama Deki anipige na fagio. Akaenda kabatini. Akatoa kigodoro changu. Bado kina utepe. Hakijafunguliwa! Alikificha siku kilipofika, kwa sababu hakutaka mtoto alalie kitu cha kwangu. Alisema hivyo hivyo, akitazama sakafu yake.

Sote wanawake watatu tukageuka, tukatazama kitanda chake.

Tukakipindua.

Ukoo mzima! Mababu, wajukuu, mayai! Sakafu inang'aa kama sahani na hakuna aliyewahi kuinua godoro. Mama Deki alikaa chini, kwenye unyevunyevu wake, akajifunika uso kwa tambara la kudekia.

Nikakumbuka. Mwezi uliopita aliniletea mito yake niijaze sufi mpya. Niliilaza siku kadhaa juu ya kitanda changu, nilikuwa na kazi nyingi. Kwa hiyo kunguni wangu ni wake! Niliposimama nilikuwa na maneno ya kumtosha mwaka mzima. Nilifungua mdomo. Akainua uso, majivuno ya kudeki yote yamemwisha, bibi tu mwenye vipele shingoni ambavyo alikuwa anavifunika kwa mtandio. Akaniuliza kama nitawaambia watu.

Nikaufunga mdomo. Nikakaa chini pembeni yake, nikamshika mkono, nikamwambia kunguni hajui nani kadeki. Tumelia kidogo. Tumejikuna pamoja.

Kisha nikamwambia kuhusu mito. Siwezi kufa na kitu kifuani.

Jumamosi, 8 Machi

Mpuliza dawa kaja kwa Mama Deki. Mama Deki alitaka aje amevaa kama fundi wa bomba la maji. Nikaona ni wazo zuri sana. Binti yangu akatutazama sote wawili. Alitoka barazani na mtoto begani akamwita yule mzee kwa jina la kazi yake, kwa sauti ya mtu anayeuza samaki. Mpuliza dawa wa kunguni! Njoo huku! Na koti lako la njano!

Nilidhani nitazimia.

Redio alikuwa amenifuata mpaka huko ili aone harusi imefikia wapi. Alisikia yote. Nikangoja atangaze. Akaja polepole, akajikuna ubavu, akamwuliza mzee kwa kunong'ona akimaliza hapa anaelekea wapi. Mara ya kwanza katika maisha yake kunong'ona. Fundi seremala, aliyefuatana naye, naye akauliza. Na yule mama wa mito ya harusi naye, ameshika mkoba mbele ya uso. Mbu wenye adabu wamejaa mtaa mzima!

Mtoto na mama yake wamekwenda kwa dada wa dereva, mwenye nyumba mpya, mpaka dawa ya pili ipite. Wiki mbili. Nimemwambia mume wangu asinisahau. Kanipigia miayo.

Jumamosi, 22 Machi

Wamekuja!

Dawa ya pili imepulizwa juzi, milango imeachwa wazi, kila kitambaa nimekichemsha, kila pindo nimelipitisha mbele ya macho. Hakuna hata ganda. Mama Deki kawaleta mwenyewe. Kaleta tambara lake. Kadeki kwangu, nikamwacha. Halafu tukapindua kitanda pamoja, kwa heshima, kama watu wanaokagua mali. Safi! Akasema pindo langu ni zuri. Nikamwambia sakafu yake ni nzuri. Imeniuma kidogo, lakini nimesema.

Kabla hajaweka mzigo chini, binti yangu alinishika mabega. Akasema, Mama, nakaa kwa sharti moja. Kukiwa na kitu nyumba hii, chochote, uniambie siku hiyohiyo. Kunguni, mende, homa, mchumba. Usinifiche. Nikala kiapo. Nikaapa kwa kaburi la baba yake, kwa sindano yangu, na kwa miguu ya mume wangu, nikaibusu yote miwili. Nimejifunza, mwanangu. Aibu si ugonjwa. Anayeficha maradhi kifo humuumbua. Nilisema maneno mengi mazuri. Mama Deki alifuta macho.

Mume wangu kalala juu ya kigodoro chake chenye ukingo wa buluu. Shavu safi, halina kitu. Akivuta pumzi, ukingo unapanda kidogo na kushuka. Nimekaa namtazama mpaka chai imepoa.

Jioni mvua imeanza. Ya kwanza mwaka huu. Nzuri, inapoza.

Tone likaniangukia puani.

Nikainua macho. Bati, pale juu ya kitanda, lina tundu. Pembeni yake jingine. Tone la pili likaanguka karibu na kichwa cha mume wangu. Nikasogeza kitanda haraka, kimyakimya, nikaweka beseni.

Binti yangu katoka jikoni, kauliza beseni la nini katikati ya chumba. Nikamwambia la kuogea miguu. Wazee tunaoga miguu. Nikavua viatu, nikaingiza miguu ndani. Amerudi jikoni. Ananiamini, mwanangu.

Hakuna haja ya kumtia hofu, Mama Deki akisikia paa linavuja atarudi na lori kumchukua mtoto. Nimempigia fundi wa mabati. Anakuja kesho na ngazi. Nimemwambia mtu akimwuliza anafanya nini juu ya paa langu, aseme anamtafuta paka wangu.

Sina paka. Kesho alfajiri inabidi nipate paka.